Daftari la Mhazini

Walinichagua mimi kuwa mhazini
kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu,
nami nilikuwa nikijaza fumbo la gazeti tu.
Watu wanne, jikoni kwa Marivic, ghorofa ya tatu, Bergen,
Novemba, mvua ya siku ya kumi na tisa,
makoti yetu yakichuruzika mlangoni
na kiwanda kingali vidoleni:
chewa, barafu, chumvi, plastiki mpya.

Sheria ilitaka jina, lengo na akaunti ya benki.
Jina tuligombania mpaka chai ikapoa.
Lengo, Marivic alilitoa mkobani:
kipakiti cha shampuu, kitupu, cha kijani,
kimekunjwa mara nne tangu alipohama Samar.
"Nusu Jumatatu, nusu Alhamisi,
nywele za dada watatu. Kisha unakitupa,
na mfereji unakipokea,
na mfereji hausahau."

Hakuna aliyecheka. Nikaandika: Lengo.
Nikaweka nukta mbili. Nikakwama.
Mfereji unauandikaje kwa Kinorwe cha serikali?

Asbjørn, ambaye safari yake ndefu ni Denmark,
aliuza baiskeli.
Gunnvor alifuma soksi mpaka bega likakataa.
Haba na haba hujaza kibaba.
Hujaza na mfereji.

Mwaka wa kwanza tulikuwa wajinga wenye moyo.
Leteni plastiki, tukasema,
tutalipa sare na nauli kwa kilo.
Zikaja picha: magunia yamepanga foleni,
watoto mbele yake, meno nje.
Nikajumlisha, nikapiga mstari, nikalala vizuri.

Kisha barua ya Liezel Abucay, miaka kumi na minne,
kwa penseli:
"Asanteni kwa mizani.
Jana darasani tulikuwa sita.
Wengine wako ufukweni wanatafuta nauli.
Sasa hiyo shule tunayoitafutia nauli,
tutakwenda lini?"

Marivic aliisoma amesimama.
Akaisoma tena ameketi.
Mvua ikasema yake dirishani.
Mimi nikatazama safu zangu za kilo, nadhifu, za wino,
na wino haufutiki: unakata, unaanza upya
chini yake, kosa likikutazama.

Siku hizi pana mapipa matano kwenye lango la shule:
sabuni, mafuta, siki, sosi ya soya
na shampuu, ile ile, ya kijani.
Njoo na chupa yako. Pimiwa ya peso tano, kama zamani;
ufukara haukuhama, kilichohama ni kipakiti.
Faida, ndogo kama chawa,
hupanda pikipiki ya magurudumu matatu kila alfajiri
pamoja na watoto kumi na mmoja, hadi sekondari.
11 (kumi na mmoja).
Nimeandika kwa tarakimu na kwa maneno,
kama hundi, asije mtu akaiongeza.

Pipa la siki lilivuja wiki nzima.
Kimbunga kilichukua mawili; moja likaokotwa
kisiwa cha pili, limejaa kaa.
Mwenye duka la kona hatusalimii, na ana haki yake,
vipakiti ndivyo vilivyomlea.
Tumemwomba mapipa ayauze yeye.
Bado anafikiri. Liezel humwuliza kila Jumamosi.

Usiku huu nafunga mwaka. Hesabu zinakubaliana.
Kesho saa kumi na mbili nitasimama kwenye mkanda
nikifunga minofu, roli baada ya roli,
plastiki angavu kama maji ya kisima kipya,
kwa mshahara ambao asilimia mbili yake
huenda Samar kununua mapipa.

Hilo sikulipatia safu.
Mapato silo. Matumizi silo.
Nimeacha ukurasa mmoja mtupu mwishoni
na juu yake nimeandika, kwa penseli,
Muulize Liezel.